Makaburi ya Kale Bila Daftari Yatatoweka Bila Habari

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Methali hii aghalabu huwalenga wenye maduka, lakini leo nataka kuitumia kwa mali ya aina nyingine, ambayo wengi wetu hatujazoea kuiita mali: makaburi ya watu wa kale walioishi katika nchi hii kabla ya makabila ya leo kujulikana kwa majina yake. Kando ya barabara itokayo Nairobi kwenda Ruiru, Juja na Thika, mashamba ya kahawa na ya mkonge yanageuzwa kuwa ploti kwa kasi kubwa. Tingatinga hufika asubuhi, na kufikia jioni pale palipokuwa na rundo la mawe au kijilima pamekuwa uwanja tambarare uliopigwa vigingi. Swali langu kwa walimu na wanafunzi wausomao ukurasa huu ni hili: iwapo chini ya rundo hilo walilazwa watu wa kale, nani atakayejua?

Kasi ninayoitaja si ya kubuni. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu 1,623,282 katika Kiambu, kaunti iliyo na miji ya Ruiru na Thika. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu 2,417,735. Katikati ya sensa hizo mbili, mnamo Novemba 2012, Rais Mwai Kibaki alifungua rasmi barabara kuu ya Thika, na ardhi iliyo kando yake ikaacha kuwa mashamba na kuwa bidhaa. Sina nia ya kuupinga ujenzi. Watu hawana budi kupata makao, shule na zahanati, na haitakuwa busara kuwataka walio hai walale nje kwa ajili ya waliokufa miaka elfu tatu iliyopita. Ninachokipinga ni ujenzi unaoutangulia ujuzi, yaani kuifukua ardhi kwanza, kisha kuuliza baadaye, au kutouliza kabisa, kilichokuwamo.

Huenda msomaji akauliza: je, nchi hii haina sheria? Inayo, na imekuwa nayo kwa muda mrefu. Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuhifadhi kumbukumbu za kale mwaka 1927. Baada ya uhuru, ikatungwa sheria nyingine mwaka 1983, na hii tunayoitumia sasa, Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Urithi, ni ya mwaka 2006. Sheria hii inaeleza kwamba mabaki ya binadamu yaliyokuwapo kabla ya mwaka 1895 ni miongoni mwa vitu vya kale, na kwamba vitu vya kale vilivyolala ardhini ni mali ya serikali, si ya mwenye shamba wala ya mwenye tingatinga. Tena inamtaka yeyote anayegundua mahali au kitu cha kale kuyaarifu Makavazi ya Kitaifa katika muda wa siku saba. Maneno ya sheria, basi, hayana kasoro kubwa.

Kasoro iko kwingine. Ulinzi kamili wa mahali pa kale huanza pale waziri anapopatangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali, na tangazo haliwezi kuandikwa pasipo jina na mipaka. Kwa maneno mengine, sheria humlinda yule anayejulikana. Jambo hili halikuanzia kwetu. Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria yake ya kwanza ya kulinda kumbukumbu za kale, mwaka 1882, liliiambatanisha na orodha ya mahali palipotajwa kwa majina, na mengi kati yake yalikuwa mawe na vilima vya makaburi vya watu wasiojua kuandika. Waliotunga sheria hiyo walitambua kwamba kilima kisicho na jina katika orodha ni udongo tu mbele ya jembe la mkulima. Wenzao walipokuja huku kutawala, walileta sheria, lakini orodha waliyotuachia ilikuwa fupi, na sisi hatukuirefusha kwa kadiri inavyostahili.

Hebu tutazame mfano wa mahali palipobahatika kupata jina. Karibu na Nakuru pana kilima kiitwacho Hyrax Hill, yaani kilima cha pimbi. Mnamo 1937 na 1938, Mary Leakey alikichimba kwa utaratibu wa kitaalamu. Alikuta makaburi ya wafugaji wa kale waliotumia zana za mawe, watu walioishi katika Bonde la Ufa kabla ya chuma kujulikana huko. Baadhi ya wanawake walikuwa wamezikwa pamoja na vyombo vya mawe, mfano wa sahani na bakuli. Juu ya hao, katika tabaka la baadaye, palikuwa na makaburi mengine ya enzi ya chuma. Mwaka 1943 mahali hapo palitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa, na mwaka 1965 pakafunguliwa jumba la makavazi. Nakuru ilipata hadhi ya jiji mwaka 2021, na nyumba zimekisogelea kilima hicho kila upande. Hata hivyo hakuna anayeweza kukisawazisha na kudai kwamba hakujua. Daftari lipo.

Faida ya daftari hilo si mahali pa kuwapeleka wanafunzi matembezini tu. Mwanaakiolojia hulisoma kaburi kama sisi wanaisimu tunavyolisoma neno: maana yake hutokana na nafasi yake miongoni mwa mengine. Ushanga uliookotwa barabarani hausemi lolote. Ushanga uleule, ukipatikana shingoni mwa mtoto, juu ya tabaka fulani la udongo, kando ya makaa yanayoweza kupimwa umri wake, hueleza biashara, mapenzi na tarehe. Tingatinga haliuvunji ushanga tu, bali huichanganya sarufi yote ya mahali, na sentensi iliyovurugwa namna hiyo hakuna mtaalamu awezaye kuirudisha.

Mifano miwili ya karibuni yatosha kuonyesha tunachoweza kukipata pale mahali panapochimbwa kwa subira. Huko Turkana, mahali paitwapo Lothagam, watafiti walieleza mwaka 2018 habari za jukwaa la mawe na udongo lenye upana wa mita 30 hivi, lililojengwa na wafugaji baina ya miaka 5,000 na 4,300 iliyopita. Wanakadiria kwamba mlizikwa humo watu wasiopungua 580, wanaume kwa wanawake, wazee kwa watoto, karibu wote wakiwa na mapambo yao, wala hapakuonekana aliyezikwa kwa fahari kuwashinda wenzake. Wasomi wengi walikuwa wakiamini kwamba majengo makubwa ya kale hujengwa kwa amri ya mfalme. Makaburi ya Lothagam yamewalazimu kufikiri upya, kwa kuwa hapo watu walijenga kwa ushirikiano, pasipo dalili ya mfalme. Mfano wa pili ni pango la Panga ya Saidi katika Kaunti ya Kilifi. Mwaka 2021 ulimwengu ulijulishwa kwamba humo alizikwa mtoto wa umri wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, yapata miaka 78,000 iliyopita, naye amekunjwa miguu kana kwamba amelala. Ni kaburi la binadamu la kale zaidi kutambuliwa barani Afrika kufikia wakati huo. Watafiti walimpa jina la Kiswahili: Mtoto. Hata mfu wa umri huo ilibidi apewe jina kabla dunia haijaweza kumzungumzia.

Sasa turudi Thika. Huku hatuna Hyrax Hill wala Lothagam. Tunacho kitu ambacho mwanaisimu hawezi kukipuuza, nacho ni jina la mji wenyewe. Katika Kikuyu, kitenzi thika maana yake ni zika. Anayekijua Kiswahili na Kikuyu ataona mara moja kwamba maneno haya mawili ni ndugu wa tumbo moja. Waganda nao husema kuziika, na Wakamba husema kuthika. Kiswahili kina maziko, Kikuyu kina mathiko. Neno hili ni la kale kuliko mipaka yote ya nchi hizi, kwani wazee wa wazee wetu walitembea nalo kabla hawajatawanyika, na popote walipofika waliendelea kuwafukia wafu wao kwa tendo lenye jina lilelile.

Yapo masimulizi yanayolihusisha jina hilo na maziko ya kweli. Inasimuliwa kwamba zamani, katika siku za ukame, mashujaa wa Kikuyu na wa Kimaasai walipigania maji ya mto, wakauana wengi, na waliokufa wakafukiwa katika kijilima karibu na mahali ulipo mji wa sasa. Kuna maelezo mengine pia, kwamba jina limetokana na neno la Kimaasai, sika, lenye maana ya kukwangua kitu ukingoni. Kwa upande wa sauti, maelezo haya ya pili hayawezi kutupiliwa mbali. Kikuyu hakina sauti ya s, na maneno yaingiayo kwa sauti hiyo hugeuzwa: saa huwa thaa, sigara huwa thigara. Kwa hiyo sika ingeweza kabisa kuwa thika. Mwanaisimu mwaminifu hana haki ya kuchagua moja kwa kuwa lampendeza. Hata hivyo maelezo yote mawili yanakubaliana katika jambo moja, kwamba jina hili lilizaliwa pale Wakikuyu na Wamaasai walipokutana, na kwamba kandokando ya mto huo palitokea mambo yaliyostahili kukumbukwa.

Kuna jambo jingine linalolipa jina hili uzito. Katika desturi ya zamani ya Wakikuyu, kuzikwa halikuwa jambo la kila mtu. Wazee wenye hadhi na mali ndio waliozikwa. Wengine walipofariki, au hata walipokuwa mahututi, walipelekwa msituni na kuachiwa fisi. Jomo Kenyatta aliyaeleza mila na desturi za watu wake katika kitabu chake cha mwaka 1938, na aliyesoma habari za wakati ule anajua jinsi watu walivyoogopa kumgusa maiti. Maziko ya kila mtu yalienea pamoja na amri za serikali ya kikoloni na mafundisho ya makanisa. Basi, katika jamii ambamo kuzika lilikuwa tendo la nadra, mahali paitwapo Zika si mahali pa kupitwa hivi hivi. Ama jina hilo linakumbuka tukio lisilo la kawaida, ama linakumbuka watu wengine waliokuwa na desturi nyingine ya kuzika, waliotangulia kufika hapo. Yote mawili ni maswali ya kitaalamu yenye thamani kubwa, na yote mawili yanahitaji ardhi ambayo haijavurugwa ili yajibiwe.

Tazama pia umbo la jina lenyewe. Ni kitenzi kitupu. Hakina mtenda wala mtendwa. Hakisemi nani alizika, wala nani alizikwa. Wakati huu ambapo kila kabila hutafuta ushahidi kwamba lilifika mahali kwanza, kutosema huko kwaweza kuwa na faida. Masimulizi ya Thika yanazungumzia maadui waliolazwa katika udongo mmoja. Aidha, wazee wa Kikuyu wenyewe hawakudai kwamba waliikuta nchi tupu. Walisimulia habari za Wagumba, watu wafupi walioishi katika mashimo, na za Waathi waliokuwa wawindaji. Katika miaka ya 1932 na 1933, mbele ya tume ya ardhi iliyoongozwa na Jaji Carter, Wakikuyu wa Kiambu walieleza jinsi mababu zao walivyopata ardhi kwa Waathi. Kwa hiyo makaburi ya kale yaliyomo katika ardhi hii huenda si ya mababu wa mtu yeyote anayeishi hapa leo. Hayana wana wa kuyapalilia. Ndiyo sababu ulinzi wake ni wajibu wa umma, kama vile mtoto asiye na wazazi alivyo mtoto wa kijiji kizima.

Majina yaliyohifadhi kumbukumbu hizi yamefutwa mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa mwanzoni mwa karne ya ishirini, ardhi ya Thika na Ruiru ilipogawiwa walowezi. Waliozijua njia, vijito na vilima kwa majina yake waliondolewa au waligeuzwa vibarua, na mahali palipokuwa na majina pakapewa nambari katika rejista ya ardhi. Juja, iliyo katikati ya Ruiru na Thika, husimuliwa kwamba ilipata jina lake kutokana na sanamu mbili alizokuja nazo mlowezi Mmarekani, William Northrup McMillan. Ulimwengu uliijua Thika kwa miti, kutokana na kitabu cha Elspeth Huxley cha mwaka 1959, na uliijua Ruiru kwa kahawa, kwa kuwa aina ya mbuni iliyotolewa na watafiti mwaka 1985 inaitwa Ruiru 11. Maana ya maneno Thika na Ruiru vinywani mwa wenyeji haikuwa na haja kwa yeyote.

Kufutwa kwa mara ya pili kunaendelea machoni mwetu. Shamba la kahawa likishakatwa vipande, madalali hulipa kila kipande jina jipya la Kiingereza lenye bustani, vilele na mandhari ndani yake, hata pale pasipo na bustani wala kilele. Huwa nawauliza wanafunzi wangu kutoka sehemu hizi majina ya vijito walivyovivuka wakienda shule ya msingi. Wengi hutaja jina la ploti au la duka. Wazee wanaojua wapo bado, kwa kuwa jungu kuu halikosi ukoko, lakini kila mwaka wanapungua.

Ili msomaji aone kwamba jambo ninaloliomba linawezekana, na atazame mlima unaoonekana kutoka Thika siku isiyo na ukungu, Ol Donyo Sabuk. Jina hilo ni la Kimaasai, lenye maana ya mlima mkubwa, na mlima huohuo huitwa pia Kilimambogo, yaani mlima wa nyati. Katika mteremko wake amezikwa yuleyule McMillan, aliyefariki mwaka 1925, na karibu naye mkewe. Tangu mwaka 1967 mlima huo umekuwa mbuga ya taifa. Makaburi hayo yana njia, yana kibao, yana askari wa wanyamapori, na wageni hupanda kuyatazama. Sina kinyongo na kaburi hilo, nalo ni sehemu ya historia yetu, wala sipendekezi liguswe. Nasema tu kwamba nchi iliyoweza kulilinda kwa miaka mingi kaburi la mlowezi mmoja haiwezi kujitetea kwamba kulinda makaburi ni anasa isiyomudu.

Pana kizuizi kingine kinachopasa kuelezwa bila kuficha, nacho ni hofu ya mwenye ardhi. Katika Kenya kaburi halikuwa kamwe jambo la mfu peke yake. Kesi ya mwili wa wakili S. M. Otieno, iliyoitikisa nchi nzima hadi alipozikwa Nyalgunga mwaka 1987, ilimfundisha kila Mkenya kwamba mahali pa kumzika mtu ni hoja kuhusu ukoo, nyumbani na haki ya ardhi. Mara ngapi tumesikia watu wakidai shamba kwa kuonyesha makaburi ya wazazi wao? Basi mkulima au mjenzi anayekuta mifupa ya kale chini ya jembe lake hufikiri upesi: nikisema, serikali itaninyang'anya, au litajitokeza kabila au ukoo kudai. Hunyamaza, huifukia au kuitupa, kisha hupanda mahindi. Si lazima awe mtu mwovu. Ni mtu aliyeeleweshwa sheria nusu.

Mtu kama huyo anapaswa kuelezwa nusu iliyobaki. Kutangazwa kwa mahali kuwa kumbukumbu ya taifa si sawa na kunyang'anywa. Katika jiji la Nairobi yapo majengo mengi yaliyotangazwa ambayo yangali mali ya watu na makampuni, na biashara zinaendelea ndani yake. Kinachozuiwa ni kubomoa na kugeuza bila idhini. Isitoshe, mifupa ya wafugaji walioishi miaka elfu tatu iliyopita haiwezi kumpa mtu yeyote hatimiliki leo. Hakimu hawezi kuuliza ni ya kabila gani, kwa kuwa makabila tunayoyajua hayakuwapo. Kaburi la kale zaidi ndilo lisilo na hatari kwa mwenye shamba. Mambo haya yasipoelezwa barazani na darasani kwa lugha inayoeleweka, sheria ya 2006 itaendelea kuwa karatasi.

Nina mapendekezo manne. La kwanza ni kwa serikali ya kaunti. Kabla idhini ya kugawa shamba kubwa haijatolewa, mtaalamu wa mambo ya kale alitembee shamba hilo kwa miguu na kuandika alichokiona. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 tayari inadai miradi mikubwa ichunguzwe athari zake, hivyo si vigumu kuutia uchunguzi wa urithi katika hatua hiyohiyo. Kijilima cha kale kikipatikana, kihesabiwe kuwa sehemu ya uwanja wa wazi ambao mgawaji hana budi kuuacha. Hivyo mwenye ardhi hatapoteza ploti hata moja zaidi ya zile ambazo angezipoteza vyovyote vile.

Pendekezo la pili ni kwa wenye ardhi, nalo ni la motisha. Anayetoa habari atambuliwe hadharani, na apunguziwe ada ya ardhi kwa kile kipande anachokihifadhi. Sheria inayoadhibu tu huwafundisha watu kunyamaza.

La tatu, ambalo ndilo kiini cha makala haya, ni kwa walimu na wanafunzi. Kila shule iliyo baina ya Ruiru na Thika na vijiji vinavyozizunguka iwe na daftari la majina ya mahali. Mtaala wa umilisi unawataka wanafunzi kujifunza kwa kuihudumia jamii, na hii ni huduma isiyohitaji fedha. Mwanafunzi amwendee mzee, amsalimu kwa adabu ya kwao, aandike jina la kijito, la kilima au la shamba la zamani, jinsi linavyotamkwa, ni la lugha gani kwa maoni ya msimulizi, maana na kisa chake, na kinachoonekana mahali hapo leo. Ajihadhari asimtie mzee maneno kinywani. Masimulizi mawili yakipingana, yaandikwe yote mawili. Mwalimu wa Kiswahili, wa historia na wa jiografia washirikiane, kwa maana jina la mahali ni mali ya masomo yote matatu.

Jina haliwezi kuthibitisha kwamba chini yake pana kaburi. Linaweza, hata hivyo, kumwambia mtaalamu aanzie wapi kutazama, na katika eneo pana kama hilo, hilo ni msaada mkubwa. Ushahidi haukosi. Huko Turkana mahali penye nguzo za mawe za kale paliitwa Namoratunga na Waturkana, yaani watu wa mawe, wakisimulia kwamba nguzo hizo ni watu waliogeuzwa mawe. Kisa hicho si historia kwa maana ya tarehe, lakini kilihifadhi habari sahihi kwamba mawe yale hayakusimama yenyewe, na kwamba yanahusiana na watu.

La nne ni miiko ya kazi hiyo. Mwanafunzi asichimbe kamwe, hata kwa kijiti. Akikuta mifupa au vyombo vya mawe, asivihamishe. Amwarifu mwalimu, mwalimu amwarifu chifu na Makavazi ya Kitaifa kabla ya siku saba kwisha. Mifupa ikionekana kuwa ya karibuni, polisi waarifiwe kwanza. Tena nakala yenye kuonyesha mahali hasa ikae kwa Makavazi, isitangazwe ovyo, kwa kuwa wapo wanaoamini kwamba kila rundo la mawe lina dhahabu chini yake. Watu wa pwani wanaujua uchungu huu. Vigango, ile miti iliyochongwa ya kuwakumbuka wazee wa Kimijikenda waliokufa, viliibwa na kuuzwa ng'ambo, na imechukua miaka mingi na barua nyingi kwa baadhi yake kurejeshwa kutoka majumba ya makumbusho ya Marekani.

Najua atakuwapo msomaji atakayesema kwamba nchi yenye vijana wasio na kazi ina mambo makubwa zaidi ya kushughulikia kuliko mifupa. Namjibu kwamba sikuomba fedha za kujenga wala za kuchimba. Nimeomba tuandike kabla ya kubomoa. Kaburi lililotambuliwa na kuachwa lilivyo laweza kungoja miaka mia moja hadi nchi itakapopata uwezo na nia ya kulisoma. Lililosawazishwa haliwezi kungoja hata siku moja. Kwa hiyo hoja ya umaskini inatuelekeza kwenye daftari, maana daftari ndilo jambo la rahisi kuliko yote.

Wamaasai wana desturi ya kuongeza jiwe wanapopita penye kaburi la mtu mashuhuri, hata rundo likakua kizazi baada ya kizazi. Mpita njia haombwi kujua yote kuhusu marehemu, huombwa tu asipite mikono mitupu. Walimu wa Thika na Ruiru wanaweza kuanza muhula ujao kwa ukurasa mmoja, jina moja, mzee mmoja. Mashamba yaliyobaki bila kukatwa vipande ni machache, na wapimaji wa ardhi wamekwisha kufika katika mengine.